Ndege ya Mwanafunzi Yataka Injini ya Kiasi Gani?

Ndugu msomaji, wengi wetu tunaijua Chalinze kwa dirisha la basi. Gari husimama, wauzaji hukimbilia madirishani na korosho, mayai ya kuchemsha na mananasi ya Kiwangwa, kisha dereva hupiga honi na safari huendelea. Wa Morogoro hunyoosha mbele. Wa Tanga na Arusha hukata kulia kuelekea Msata na daraja la Wami. Ni nadra abiria kuuliza kuna nini nyuma ya safu ile ya maduka. Nami nisingeuliza, lau dada yangu asingekuwa mkazi wa huko, na lau mwanawe asingenipigia simu usiku mmoja na kuniambia kwa sauti ya mtu aliyefiwa: "Mjomba, ndege imeanguka."

Nilishtuka kama ambavyo ungeshtuka wewe. Kumbe alikuwa akisema habari za ndege aliyoiunda kwa mikono yake mwenyewe, ndege ya mfano inayoongozwa kwa redio na mtu aliyesimama ardhini. Bawa lake lilikuwa na urefu wa mita moja na nusu kutoka ncha hadi ncha, na uzito wake ulikusudiwa uwe kilo mbili na nusu. Kijana alitumia miezi saba kuijenga kwa mbao nyembamba, gundi na plastiki ya kufunikia, akitumia fedha alizodunduliza katika gereji ya pikipiki anakojifunza kazi. Ilikaa hewani kwa muda usiotimia dakika moja. Iliposhuka ilishuka kwa pua, hatua kumi hivi kutoka alipokuwa mama mmoja akianika mihogo. Hakuna aliyeumia, na hilo ndilo lililotufanya tumshukuru Mungu kabla ya kuulizana neno jingine lolote.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Chalinze. Mabaki yalikuwa ndani ya gunia, yamevunjika vipande ambavyo havikufaa hata kuwashia moto. Injini peke yake ndiyo iliyokuwa nzima. Nilipoiinua kiganjani na kusoma namba iliyochorwa ubavuni, nikaanza kuelewa. Ndege ilichorwa ichukue injini ya namba 40. Hii ilikuwa ya namba 60. Kaka yake, ambaye ni baharia, aliinunua ng'ambo kwa nia njema kabisa, akiamini kama tuaminivyo wengi kwamba kilicho kikubwa ndicho bora, na asipende mdogo wake aonekane mnyonge mbele ya wenziwe.

Ikiwa nyumbani kwako yuko kijana, wa kike au wa kiume, ambaye mchezo huu umemwingia akilini, basi swali la injini litakufikia mapema kuliko unavyodhani. Nalo ndilo swali linaloamua kama fedha zako zitaruka au zitaishia kwenye gunia.

Namba hizo zina asili yake. Injini hizi zilikulia katika nchi zilizokuwa zikipima kwa inchi, na hadi leo hutajwa kwa sehemu za mia za inchi moja ya ujazo. Injini ya 40 ni ile ambayo pistoni yake, ikisafiri mara moja ndani ya silinda, hufagia nafasi ya arobaini kwa mia ya inchi ya ujazo, yaani sentimita za ujazo 6.5. Ile ya 25 hupata kama 4, ya 46 hupata 7.5, na ya 60 hukaribia 10. Sasa ilinganishe na bodaboda, ambayo silinda yake huwa ya sentimita za ujazo 100, 125 au 150. Utasema basi injini ya 40 ni kitu cha kuchezea watoto. La hasha! Injini hiyo, ikiwa imefungwa pangaboi lake, huzunguka mara 10,000 hadi 12,000 kwa dakika, na ikiachiwa mbio zaidi huweza kutoa karibu nguvu ya farasi mmoja. Bodaboda ya 100 hutoa kama nguvu za farasi nane. Kwa hiyo, ukipima kwa kila sentimita ya ujazo, kadude hako kadogo kanaizidi pikipiki karibu mara mbili. Siri yake ni mbio zake, na pia kwamba ni injini ya mipigo miwili, inayowaka kila mzunguko, ilhali ile ya bodaboda huwaka mzunguko mmoja na kupumzika mmoja.

Haina plagi ya cheche kama ya pikipiki. Mwaka 1947 Mmarekani aitwaye Ray Arden alianza kuuza plagi ndogo yenye waya wa platini uliosokotwa. Waya huo hupashwa moto kwa betri ya volti moja na nusu wakati wa kuwasha tu. Kisha betri huondolewa, na joto la mwako pamoja na mvuke wa methanoli hutosha kuuweka waya ukiwa mwekundu. Kwa uvumbuzi huo mdogo ndege ikaacha kubeba koili na betri nzito, na vijana wa nchi nyingi wakaanza kurusha ndege ambazo awali zingekuwa nzito mno. Kampuni kama O.S. ya Osaka, Japani, iliyoanzishwa mwaka 1936, zilizieneza injini za aina hii duniani kote, hata injini ya 40 ikawa kipimo cha kawaida cha ndege ya anayeanza.

Kabla hujasema kubwa au ndogo, fikiri kwanza kazi ya injini ni ipi. Mtazame mwewe anayezunguka juu ya mashamba saa sita mchana. Hapigi bawa, wala haanguki. Kinachomshikilia ni bawa linalopita katika hewa kwa mwendo wa kutosha. Ndege ya mfano nayo ni hivyo hivyo: bawa ndilo linalobeba, injini huulinda mwendo na kuipandisha ndege. Warushaji wana kipimo chao chepesi. Pangaboi likiweza kuvuta kwa nguvu inayolingana na nusu ya uzito wa ndege, ndege ya mwanafunzi itapaa vizuri na kupanda bila taabu. Likivuta kwa nguvu sawa na uzito wote, ndege yaweza kusimama wima na kupanda kama roketi. Mwanafunzi hana haja ya roketi.

Mtu aweza kuuliza: je, si afadhali kuwa na nguvu ya akiba, na kijana atumie kidogo kidogo? Hoja hiyo ina sura nzuri, na ndiyo iliyompoteza mpwa wangu. Tatizo la kwanza ni uzito. Injini ya 60 pamoja na bomba lake la moshi iliizidi ile ya 40 kwa gramu 300 hivi, nazo zote zilikaa puani. Ili ndege isiiname, kijana akaweka gramu 100 za risasi mkiani. Ndege iliyokusudiwa kuwa na kilo 2.5 ikawa na kilo 2.9. Sasa, mwendo wa chini kabisa ambao bawa bado laweza kuishikilia ndege huongezeka kadiri uzito unavyoongezeka. Kwa hesabu ya ndege hii, mwendo huo ulipanda karibu asilimia 8. Waweza kuona ni kitu kidogo. Lakini ni ule ule mwendo wa kutua, wakati ambapo mkono wa mwanafunzi hutetemeka kuliko wakati mwingine wowote.

Pili, injini kubwa haijui kunong'ona. Ukiipunguza mafuta hadi mwisho, pangaboi lake kubwa bado huvuta. Ndege inakuja kutua, kijana amekwisha punguza kila kitu, nayo inaelea tu, inapita kiwanja, inapita mti wa mwembe, na huko mbele kuna barabara kuu yenye malori ya Kongo na Zambia. Tatu, mvuto ukija kwa ghafula huinua pua na kuipinda ndege upande. Na tukubali pia kwamba mbao zilizopimwa kwa mtikisiko wa injini ndogo hazitavumilia milele mtikisiko wa kubwa. Skrubu hulegea, gundi huachia.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba hata kwa upande wa mbio, nguvu hiyo ya ziada haikupi kile ulichodhani umenunua. Hewa hukataa kusukumwa. Kadiri unavyokwenda mbio ndivyo inavyozidi kukataa. Ukiizidishia ndege nguvu mara mbili, mwendo wake wa juu kabisa huongezeka kwa robo hivi tu. Nguvu inayobaki huenda katika kupanda, na kupanda kusikotawaliwa ndiko kulikotuletea gunia.

Maana hivi ndivyo ilivyokuwa. Kijana alisimama kiwanjani, akaipa injini mafuta yote, na ndege ikaruka kama kware aliyeshtuliwa vichakani. Pua ikatazama mbinguni. Kijana akaogopa, akayakata mafuta yote kwa mara moja. Ndege ikabaki imening'inia hewani bila mwendo, bawa likaacha kubeba, upande mmoja ukadondoka, na mengine umekwisha yasikia. Mrushaji mzoefu angeinamisha pua kwanza kabla ya kupunguza mafuta. Lakini mpwa wangu ilikuwa ndiyo mara yake ya kwanza kushika vijiti vile.

Fikiri pia habari ya muda wa kuwaza. Ndege inayokwenda kilomita 60 kwa saa huvuka kiwanja cha mpira chenye mita 100 kwa sekunde sita. Ikienda kilomita 100 kwa saa, huvuka kwa sekunde tatu na nusu. Na ukumbuke kuwa ndege ikikuelekea, mkono wa kushoto wa ndege huwa upande wako wa kulia, kwa hiyo mwanafunzi hulazimika kugeuza mawazo yake kila inaporudi. Sekunde mbili na nusu zilizopotea hapo ndizo alizokuwa akizihitaji.

Mwenye gereji anakojifunza kijana, mzee mwenye mvi na mikono isiyotoka oili, alinikuta nimekaa na ile injini mapajani.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mjomba wake. Umeliona hilo dude? Mimi niliwaambia. Hapa akija mtu anayejifunza pikipiki, simpi ya 150. Nampa ile ya 100 iliyochoka kidogo. Si kwamba namdharau. Akili yake na mkono wake bado havijaoana."

Sijasikia mtu aliyelieleza jambo hili vizuri zaidi, na huyo mzee hajapata kurusha hata tiara tangu utoto wake.

Lakini usije ukadhani kuwa nakuhimiza ununue injini ndogo kabisa ili uokoe fedha. Udogo nao una maafa yake. Ukiitia injini ya 25 katika ndege ya kilo mbili na nusu, itakimbia juu ya sakimu laini na huenda ikapaa, lakini viwanja vyetu si vya sakimu. Baada ya mvua za masika nyasi za Chalinze hushika magurudumu kama mikono. Ndege itakimbia mpaka mwisho wa kiwanja bila kupata mwendo, au itanyanyuka kwa shida, na ikigeuzwa itapoteza kimo, na kijana atavuta kijiti ili ipande. Akivuta, mwendo hupungua zaidi, na bawa huacha kubeba. Ndege yenye nguvu haba huanguka kwa ugonjwa ule ule wa ndege yenye nguvu nyingi, yaani kukosa mwendo pua ikiwa juu. Tofauti ni njia ya kufikia hapo.

Kwa hiyo kwa ndege ya kawaida ya kujifunzia, yenye bawa la mita 1.5 hadi 1.6 lililowekwa juu ya mwili, na uzito wa kilo 2.3 hadi 2.8, injini ya 40 ndiyo mahali pake, na ile ya 46 ndiyo mpaka. Ukitaka ya mipigo minne, yenye sauti ya upole zaidi, chagua ya ujazo mkubwa kidogo, ya 50 na kitu hivi, maana kwa ujazo ule ule huwa na nguvu pungufu. Ya 25 iachie ndege ndogo zaidi. Ya 60 iachie ndege kubwa zaidi, iliyochorwa kwa ajili yake. Walakini ukubwa wa ndege peke yake usikudanganye. Ndege ya Kadet Senior ya kampuni ya Sig ya Marekani ina bawa la karibu mita 2, tena pana, na uzito usiofika kilo 3. Nayo hutosheka na injini ya 40, na huenda polepole hata mtazamaji akadhani inataka kusimama. Bawa pana na jepesi halidai nguvu nyingi. Hivyo pima uzito kwanza, utazame bawa, ndipo uulize injini. Mchoro wa ndege karibu daima huandikwa injini ya chini na ya juu inayofaa; anayeanza na akae katikati ya namba hizo, wala asijadiliane nazo.

Pangaboi nalo ni kama gia ya baiskeli. Huandikwa kwa namba mbili, kama 10 kwa 6. Ya kwanza ni urefu wake kwa inchi. Ya pili ni umbali ambao lingesonga mbele kwa mzunguko mmoja lau hewa ingekuwa imara kama mbao. Namba ya pili ikiwa ndogo, ndege hupanda vizuri na haikimbii sana. Kwa injini ya 40, la 10 kwa 6 ni zuri. La 11 kwa 5 huifanya ndege iwe tulivu zaidi ikiwa injini yaweza kulizungusha. Nimeona watu wakibadili injini kwa gharama kubwa, na dawa ilikuwa pangaboi tu.

Msomaji aliyeko Mbeya, Arusha au Nairobi asinukuu namba zangu bila kuzitazama mara ya pili. Chalinze haijapanda sana kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nzito ya kutosha. Lakini kwa kila mita 100 unazopanda, hewa hupungua kama asilimia moja. Nairobi, iliyo karibu na mita 1,700, ina hewa pungufu kwa asilimia 15 hivi kuliko pwani. Injini hupumua kidogo, pangaboi hushika kidogo, na bawa nalo hubeba kidogo. Huko ndiko injini ya 46 inapostahili nafasi ya ile ya 40. Huku kwetu pwani adui ni joto. Injini mpya, ambayo bado inazoeshwa, ipewe mafuta mengi kuliko hewa, itoe moshi mweupe, isilazimishwe. Kijana anayependa kusikia injini ikilia kwa ukali mnamo saa saba mchana ataiunguza kabla ya mwezi kwisha.

Nikiwa mkweli kwako, ndugu msomaji, lazima niseme kuwa siku hizi wengi wanaoanza hawanunui injini ya mafuta kabisa. Wananunua mota ya umeme na betri ya lithiamu. Hapo hesabu hufanywa kwa wati: wati 150 hadi 200 kwa kila kilo ya ndege humtosha mwanafunzi. Ndege ya kilo 1.3 basi hutaka mota ya wati 200 hadi 260. Baadhi ya watengenezaji wameendelea kuziita mota zao kwa namba za zamani, 15, 25 au 46, ili mnunuzi ajue inachukua nafasi ya injini ipi, na kishawishi cha kuchukua namba kubwa ni kile kile. Mota ya umeme haina kelele, haichafui nguo, na huzimika papo hapo unapoikata. Kama ningeombwa ushauri kabla mbao hazijakatwa, ningesema umeme. Lakini mpwa wangu ni mwana wa gereji. Anataka silinda, anataka harufu.

Na harufu hiyo ndiyo inayonifanya niwageukie sasa akina mama na akina baba. Mafuta ya injini hizi ni methanoli, iliyochanganywa na mafuta ya kulainisha kiasi cha sehemu moja kwa tano, na pengine nitromethani kidogo. Mafuta ya kulainisha ya asili yake ni ya nyonyo, yale yale yatokanayo na mbarika unaoota nyuma ya nyumba zetu, na mpaka leo hayajapata mshindani wa kweli injini inapopata moto. Lakini methanoli si pombe ya kunywa. Funda chache zaweza kumpofusha mtu au kumwua. Haina rangi wala harufu ya kutisha, na moto wake mchana hauonekani kwa urahisi. Mtu aweza kusimama karibu na miali asijue. Isiwekwe kamwe katika chupa ya maji au ya soda. Iandikwe, ifungwe, iwekwe juu, mbali na jiko, na atakayeimeza akimbizwe hospitali hata kama anasema hajisikii vibaya. Wala usijaribu kumwagiza ndugu aje nayo katika ndege ya abiria, maana imekatazwa. Betri za lithiamu nazo zina masharti yake: za akiba huchukuliwa katika mkoba wa mkononi, si katika sanduku.

Pangaboi la inchi 10 likizunguka mara 11,000 kwa dakika, ncha yake hukimbia kilomita 500 na zaidi kwa saa. Kidole hakina hoja mbele ya kitu hicho. Awashaye asimame nyuma, atumie kijiti au mota ya kuwashia, na watoto wawe nyuma yake, si mbele wala ubavuni. Katika jambo hili pia injini ndogo husamehe kidogo kuliko kubwa, ingawa hakuna inayosamehe sana.

Limebaki suala la mahali na ruhusa, ambalo katika jaribio lile la kwanza sisi wa nyumbani tulilipuuza, na lawama ni yetu. Tanzania ina kanuni za mwaka 2018 zinazohusu vyombo vya angani visivyo na rubani ndani, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na wizara inayohusika na ulinzi nayo hutakiwa kuridhia. Kijana asiseme kuwa chake ni kitu cha kuchezea. Aende akaulize kabla ya kununua, kwani kibali kikikataliwa, injini ya namba yoyote ni chuma tu. Aulizie pia katika ofisi ya kijiji au ya kata, ajitenge na maeneo ya jeshi, viwanja vya ndege na hifadhi kama Saadani. Na kwa Chalinze kuna jambo la ziada. Hapo ndipo unapofika umeme wa kilovolti 400 kutoka Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kuzalisha mwaka 2024, na minara yake mirefu imepasua mashamba. Nyaya hizo kwa mbali hazionekani. Kiwanja kizuri ni kile ambacho hata ndege ikikaidi, hakuna nyaya, barabara wala nyumba ndani ya upeo wake.

Jirani mmoja aliniuliza kama kazi hii yote ina faida gani kwa mtoto wa maskini. Nilimjibu kwa yale yaliyokwisha tokea nchini. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupiga picha visiwa vyake kutoka angani kwa ndege ndogo za umeme zenye uzito usiofika kilo moja, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwa miongoni mwa waliozirusha. Mwaka 2018 ndege isiyo na rubani ilibeba dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 juu ya Ziwa Victoria, kwa muda wa dakika 40 hivi, katika majaribio ya miezi sita. Kila mmoja wa waliobuni vyombo vile ilimbidi kwanza ajibu swali lile lile la kijana wa Chalinze: uzito huu, bawa hili, je, nguvu kiasi gani? Wakikosea kwa gramu mia kadhaa, dawa haifiki ng'ambo.

Ndege ya pili ilichukua miezi minne, kwa kuwa mikono ilikwisha jua njia. Injini ilikuwa ya 40, iliyotumika, ikasafishwa na yule mzee wa gereji kwa mafuta ya taa na mswaki. Pangaboi 10 kwa 6. Uzito kwenye mizani ya duka la nafaka ulikuwa kilo 2 na gramu 450, na kijana alipima mahali pa mizani ya ndege, kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa kutoka mbele, mara tatu. Vibali vilipokwisha patikana, mrushaji mmoja mzoefu alikuja kutoka Dar es Salaam na redio ya pili iliyounganishwa na ya mwanafunzi kwa waya, ili akiona mambo yanaharibika abonyeze swichi na kuichukua ndege yeye mwenyewe.

Tulikwenda kiwanjani alfajiri, upepo wa kusi ukiwa bado haujaamka. Umande ulikuwa mwingi. Injini ililia kwa sauti nyembamba, ndege ikakimbia kiasi cha mita 40 juu ya nyasi zilizofyekwa, ikanyanyuka bila papara, ikapanda kama mtu anayepanda ngazi za nyumba anayoijua. Kijana aliizungusha kushoto, akaizungusha tena. Mara mbili mwalimu aliichukua, mara mbili akairudisha. Iliporudi kutua, injini ikinong'ona, ilishuka polepole hata nikaweza kusoma herufi alizozichora ubavuni, jina la mama yake. Iligusa chini, ikadunda kidogo, ikasimama katikati ya kiwanja.

Dada yangu, ambaye alikuwa amefumba macho tangu iliponyanyuka, akauliza kama sasa aweza kufumbua.

Ile injini ya 60 imo ndani ya kopo la maziwa juu ya kabati, imepakwa mafuta ya nyonyo na kufungwa kwa kitambaa. Kaka mtu amekwisha pelekewa habari kwamba haitauzwa. Kijana amekwisha anza kuchora bawa la mita mbili.